Mkwe wa Musa na daftari langu la madeni

"Hicho kimya chenu kinamwomba nani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma cha kanisa, mkoba kwapani, amekuja kunifuata ili twende nyumbani pamoja. Ndani tulikuwa watu saba kwenye viti vya plastiki, tumekaa kwa duara, macho tumefumba, tukiwa kama dakika ya kumi na nne ya ukimya tuliopanga uwe wa dakika ishirini. Mama hakunong'ona. Ni mzee wa kanisa, amefundisha shule ya Jumapili kwa miaka thelathini na miwili, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Wawili wetu wakaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia (mwenyewe hukuita kutafakari) akashtuka na kusema, "Amina."

"Anaombwa Mungu, mama," nikajibu.

"Mbona hamumwambii kitu?"

Njia nzima sikupata jibu la maana. Hili andiko la leo ndilo jibu, nimechelewa nalo miezi mingi.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni hesabu. Nakagua vitabu vya watu wengine. Jioni za Jumatano naongoza kikundi kidogo cha kusoma na kusali, na wenye mambo kama yetu huitwa Wakristo wa kimaendeleo. Jina lenyewe kwa Kiswahili halijakaa vizuri. Ukimwambia mtu "maendeleo" anawaza barabara, visima, na mhandisi mwenye kofia ngumu. Lakini ndilo tulilonalo. Maana yake, kwa ufupi wa kutosha kuwaudhi wote, ni kwamba tunamfuata Yesu, tunaisoma Biblia bila kuivua akili mlangoni, hatuamini kwamba Mungu alizungumza na sisi tu akawanyamazia wengine wote, na tunaona kwamba mshahara wa kibarua ni jambo la ibada sawasawa na wimbo wa kwaya.

Wanaotupinga husema hivi: mmefungua mlango wa mbele akaingia Budha, mkafungua wa nyuma ikaingia siasa, Yesu akatoka nje kwa dirisha. Nakiri ni msemo mzuri. Ningekuwa upande wao ningeutumia mimi mwenyewe.

Kwa muda mrefu nami nilidhani milango ni miwili. Hekima ya dini nyingine upande huu, tamu, ya jioni tulivu. Siasa upande ule, yenye kelele na jasho. Aliyenibadilisha mawazo ni mkwe wa Musa.

Someni Kutoka, sura ya 18. Watu wametoka Misri, wako jangwani, na Yethro anakuja na binti yake Sipora na wale wajukuu wawili, Gershomu na Eliezeri. Yethro ni kuhani wa Midiani. Yaani ni kiongozi wa dini, na dini yake siyo hii. Musa anatoka kumlaki, anainama, anambusu. Yethro anatoa sadaka, na Haruni na wazee wa Israeli wanakuja kula chakula naye mbele za Mungu. Hapo tu pangetosha kuitisha kikao cha dharura katika makanisa kadhaa ninayoyajua.

Lakini angalieni kesho yake. Musa ameketi kuamua kesi, watu wamemsimamia kuanzia asubuhi hadi jioni, foleni haiishi. Mzee anatazama. Mnajua jinsi mkwe anavyotazama. Kisha anasema, "Jambo hilo ufanyalo si jema." Utachoka wewe, na watu hawa nao watachoka. Gawa madaraka. Weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Na sifa za hao watu anazitaja mwenyewe: wawe hodari, wamche Mungu, wawe wa kweli, wachukie mapato ya udhalimu. Nimeipigia mstari hiyo ya mwisho kwa wino mwekundu, nadhani mnaelewa kwa nini.

Musa akafanya yote aliyoambiwa. Yethro akarudi nchini kwake. Kufungua ukurasa, sura ya 19 watu wanafika mlimani Sinai, na sura ya 20 zinashuka Amri Kumi. Kwa mpangilio wa kitabu, mfumo wa kutoa haki ulitangulia, nao ulitoka kwa kuhani wa dini nyingine. Mgeni yule hakuleta ubani wala namna mpya ya kupumua, alileta ushauri wa utawala. Ule mlango wa hekima na ule wa siasa alipitia kwa pamoja, na hakuonekana kujua kwamba ni miwili.

Nilipomsomea mama hayo, akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akasema, "Soma mstari wa kumi na moja." Mstari wa kumi na moja Yethro anasema sasa anajua ya kuwa BWANA ni mkuu kuliko miungu yote. "Unaona? Aliokoka kwanza, ushauri baadaye." Nikamwambia, mama, alikiri ukuu wa Mungu wa mkwewe, lakini hatuambiwi aliuacha ukuhani, wala Musa hakumwekea sharti. Akasema, "Hatuambiwi pia kwamba hakuacha." Matokeo: sare. Nawaachia nanyi mwamue.

Ushahidi wangu wa pili ni mgumu zaidi kuupinga, maana uko makumbusho. Katika British Museum kuna gombo la mafunjo lenye mafundisho ya Mmisri aitwaye Amenemope, yaliyotungwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. E. A. Wallis Budge alilichapisha kikamilifu mwaka 1923, na mwaka uliofuata Mjerumani Adolf Erman akaonyesha kwamba yanafanana mno na kipande cha kitabu cha Mithali, kuanzia 22:17 hadi katikati ya sura ya 23. Wataalamu wengi wanakubali kwamba mwandishi wa Kiebrania ndiye aliyechukua kwa Mmisri. Na Misri, kumbukeni, ndiyo nchi ya utumwa. Mtu aliyeimba kwamba Farao alizama baharini ndiye aliyerudi kuazima daftari la mwandishi wa Farao.

Tuliyaweka mezani siku moja, Mithali mkono wa kulia, Amenemope kushoto. Mmisri anaanza kwa kusema tega masikio, sikia yanayosemwa, utie moyo wako uyaelewe. Mithali: "Tega sikio lako uyasikie maneno ya wenye akili, ukautie moyo wako maarifa yangu." Mmisri ana sura thelathini, na katika Mithali 22:20 kuna neno la Kiebrania lililowatesa wafasiri karne nyingi, ambalo tafsiri kadhaa za siku hizi zinalisoma "thelathini". Mmisri anasema utajiri ulioporwa huota mabawa kama bata bukini ukaruka kwenda mbinguni. Mithali inasema mali hujifanyia mabawa kama tai. Bata amegeuka tai! Mchukuaji hakunakili kama kasuku. Alitazama juu akaandika ndege aliyemwona kwake. Tulikaa na huyo ndege karibu nusu saa, ukimya ukatupita.

Kisha kijana mmoja wa kikundi akauliza: aliazima nini hasa? Tukatazama. Baada ya utangulizi, katazo la kwanza kabisa ni hili: "Usimnyang'anye maskini kwa kuwa ni maskini." Linafuatiwa na kutomdhulumu mnyonge langoni, na langoni ndipo palipokuwa na mahakama. Mbele kidogo, usiondoe alama ya mpaka ya zamani, usiingie mashamba ya yatima. Amenemope naye ana makatazo ya namna hiyo, pamoja na mipaka ya shamba la mjane. Kwa hiyo kilichovuka mpaka wa dini mbili zilizochukiana ni sheria ya ardhi na haki ya asiye na wakili. Siasa tupu.

Hapa mama angeniambia methali yake anayoipenda kuliko zote anaponiona na vitabu vya watu: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Na akiwa amekasirika kidogo: "Cha kuazima hakisitiri maungo."

Na methali zake zina uzito, sizipuuzi. Lakini mama huyo huyo akisali, sikilizeni maneno yake. Anaomba *toba* ya *dhambi*, kwa *neema* na *rehema*, anasoma *Injili*, anatoa *sadaka*, anainama mbele ya *madhabahu*, chini ya *msalaba*, ndani ya *kanisa*. Maneno yote hayo tumeyapokea kutoka Kiarabu, na mengi kati yake Waislamu walikuwa wakisali kwayo katika lugha yetu kabla Mkristo yeyote hajaimba tenzi kwa Kiswahili. Injili lenyewe ni neno la Kigiriki lililofika kwetu kupitia kinywa cha Mwarabu. Tukiyarudisha yote kwa wenyewe leo, mama atabaki na *Mungu*, *wokovu*, na kikohozi. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kama hatua ishirini, akasema, "Mungu anatosha." Bado sijui kama nilishinda au nilishindwa.

Kwa hiyo swali la kama Wakristo waazime kwa wengine limechelewa. Tumeshaazima, toka siku ya kwanza. Paulo kule Areopago, Matendo 17, anaanzia kwenye madhabahu iliyoandikwa "Kwa Mungu asiyejulikana", kisha anawanukulia Waathene mshairi wao wenyewe: sisi sote tu wazao wake. Justino Mfiadini, karne ya pili, alisema waliokuwa wakiishi kwa Neno, kama wanafalsafa wa Kigiriki Socrates na Heraclitus, walikuwa Wakristo hata kama waliitwa wasioamini miungu. Walikuwapo wa kuwapinga pia. Tertullian, mwandishi wa Kikristo wa kale, aliuliza Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu, na kila nikikaa na hesabu za mtu aliyechanganya akaunti ya biashara na ya nyumbani, namwelewa Tertullian kabisa.

Swali langu, kwa kuwa ni mhasibu, ni jingine. Tumeandika wapi kwamba tunadaiwa?

Hapo ndipo watu wa mrengo wangu tunapochechemea. Wapinzani wetu wanadhani tatizo letu ni kufungua mno. Mimi naona tunafungua mno kwenye vitu visivyotugharimu. Tunachukua kukaa kimya kwa Wabudha, lakini zile kanuni zao za maadili, zile za kutosema uongo na kutojipatia riziki kwa kuumiza viumbe, tunaziacha rafuni. Tunapenda mashairi ya Masufi, tukiyachuja mpaka jina la Mtume na sala tano zimeondoka. Tunamnukuu Gandhi kwenye kadi. Mtu akikagua vitabu vyetu atakuta upande wa mapato umejaa na upande wa madeni mweupe, na mimi nikikuta vitabu vya namna hiyo kazini huwa naomba kuonana na mkurugenzi.

Kuna kisa kimoja cha zamani ninachokipenda kwa sababu ni kosa la uandishi wa vitabu kabisa. Katika Zama za Kati, Ulaya nzima ilisimulia habari za mtakatifu Josaphat, mwana wa mfalme wa India. Baba yake alimficha ndani ya kasri asijue uzee, ugonjwa wala kifo. Akatoka, akaviona, akakutana na mtawa Barlaam, akaacha ufalme. Mmeshamtambua. Ni Budha. Hadithi ilitoka India, ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu, ikaenda Kijorjia, Kigiriki, hatimaye Kilatini. Jina lilianza kama Bodhisattva, sifa anayopewa Budha kabla ya kuamka, Waarabu wakaandika Budhasaf, na kwa kuwa *b* na *y* za Kiarabu hutofautishwa kwa nukta tu zikiwa mwanzoni mwa neno, moja chini au mbili, mwandishi fulani akateleza ikawa Yudhasaf. Mwisho wa safari, Josaphat. Kanisa la Magharibi likampa siku yake katika orodha ya watakatifu, tarehe 27 Novemba. Karne na karne Wakristo walimheshimu Budha kwa sababu ya nukta iliyozidi.

Mama alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akauliza swali ambalo lilinifanya niache kucheka: "Na Wabudha walipewa nini?"

Hakuna. Hata jina halikubaki.

Lakini upo mfano ambapo deni liliandikwa na likalipwa, tena kwa damu, na ndio unaonifanya nisiache kabisa jambo hili. Mwaka 1894, akiwa Afrika Kusini, Gandhi alisoma kitabu cha Tolstoy kuhusu kutoshindana na uovu kwa mabavu, kilichojengwa juu ya Hotuba ya Mlimani. Mhindu alifundishwa Yesu na Mrusi ambaye kanisa lake mwenyewe lingemtenga mwaka 1901. Mwaka 1936 mchungaji Mmarekani mweusi, Howard Thurman, akiwa safarini India na mkewe Sue Bailey Thurman, akakutana na Gandhi huko Bardoli. Gandhi aliwahoji wao kwa muda mrefu kuliko walivyomhoji yeye. Akataka kujua habari za utumwa, za ubaguzi, za kura. Akaomba wamwimbie ule wimbo wa watumwa unaouliza, ulikuwapo walipomsulubisha Bwana? Akasema huenda ni kupitia kwa watu weusi wa Marekani ndipo ujumbe wa kutotumia nguvu utaufikia ulimwengu bila kuchafuliwa. Mwaka 1959 Martin Luther King naye akaenda India kujifunza. Hotuba ya Mlimani ilikuwa imezunguka dunia ikarudi kanisani, imebebwa na mtu ambaye hakuwahi kubatizwa.

Naomba nibaki kidogo kwa Thurman, kwa sababu ya bibi yake. Huyu bibi alizaliwa utumwani na hakujua kusoma, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyemsomea Biblia. Alitaka Zaburi, Isaya, Injili. Nyaraka za Paulo hakutaka kabisa, isipokuwa mara moja moja ile sura ya upendo ya Wakorintho wa Kwanza. Mjukuu alipokua akamuuliza sababu. Akaeleza kwamba zamani za utumwa mhubiri wa bwana wao alikuwa akirudia mara kwa mara neno la Paulo, watumwa watiini mabwana zenu, naye akaapa kwamba akiwa huru, na akijaliwa kujua kusoma, hataisoma sehemu hiyo tena.

Nikamkumbuka mtu. Miaka thelathini na miwili ya shule ya Jumapili, na mimi nimekaa katika darasa hilo toka nina miaka mitano. Sikuwahi kusikia akitusomea Timotheo wa Kwanza sura ya pili mstari wa kumi na mbili: "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha." Nilimuuliza mwaka huu. Mama akakunja kitambaa cha meza mara mbili, akakikunjua.

"Watoto walikuwa hawajafikia mstari huo," akasema.

Ndipo nilipojua nimelelewa na Mkristo wa kimaendeleo aliyekataa jina.

Nirudi kwa King, maana hapo ndipo deni linapoonekana. Mwaka 1965 mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, Thich Nhat Hanh, alimwandikia barua kuhusu vita vilivyokuwa vikiwaua watu wake. Mwaka uliofuata wakakutana Chicago. Januari 1967 King akampendekeza kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na tarehe 4 Aprili 1967, katika Riverside Church, New York, akasimama kuipinga vita ile waziwazi. Rais aliyekuwa akiiendesha ni Johnson, yule yule aliyetia saini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Rafiki yao mkubwa kuliko wote Ikulu. Magazeti makubwa yakamkemea, NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ikajitenga na msimamo wake. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, aliuawa.

King angeweza kumwazima yule mtawa namna ya kupumua tu. Akakubali kusumbuliwa naye. Kile alichopokea kilimgombanisha na upande wake mwenyewe. Tangu nilipoliona hilo, hicho ndicho kipimo ninachokitumia: hekima hii ngeni ninayoipenda, imewahi kunikosoa? Na siasa zangu, imani imewahi kuzikosoa, au kazi yake ni kuzipulizia manukato?

Najua jibu la swali la pili kwa upande wangu. Sipendi kulisimulia, lakini nitaonekana mnafiki nikiliruka.

Kipindi cha kampeni niliandika sala ya kufunga kikundi. Niliiona nzuri sana. Ilikuwa na wajane, yatima, wanyonge, pumzi mpya, alfajiri. Nilipomaliza mama (alikuwa ameanza kuingia na kuketi kiti cha karibu na mlango, "kusubiri tu") akaniuliza tukiwa nje, "Ile sala, ulikuwa unamwomba Mungu au unamjulisha?" Nikachukia. Usiku nikaisoma upya na nikaona maneno "alfajiri" na "pumzi mpya" yalitoka kwenye kipeperushi cha chama changu. Yote mawili. Hata mpangilio.

Upande wangu ukashinda. Miezi michache baadaye zikatoka hesabu za mradi mmoja wa umma, na hazikulingana. Nilizisoma mwenyewe. Kwa mtu wa kazi yangu pengo lile halihitaji kikokotoo. Wapinzani wangekuwa ndio walioandika zile karatasi, ningekuwa nimeshaandika hapa mara tatu, na mnalijua hilo kwa sababu mlinisoma mwaka ule mwingine. Nikakaa kimya. Kimya cha miezi mitatu, na hicho hakikuwa cha kutafakari.

Aliyenishika ni yule mzee anayesinzia. Yeye ni wa chama kile kingine, amekuwa tangu ujana, na hajawahi kukificha. Jumatano moja tulikuwa tukirudia Kutoka 18, kwa ombi langu, maana nilitaka kuwaonyesha wageni wawili jinsi Musa alivyokuwa wazi kwa hekima ya wengine. Nikasoma kwa madaha. Nilipofika kwenye "wenye kuchukia mapato ya udhalimu" mzee akafumbua macho.

"Binti yangu," akasema, "hesabu za kwetu ulizisoma umevaa miwani. Hizi za kwenu umeivua?"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa akitazama mkoba wake. Niligundua kwamba katika chumba kile Yethro alikuwa yeye, na mimi niliyehubiri uwazi kwa kuhani wa Midiani nilikuwa sijafikiria kwamba Mmidiani anaweza kuwa mtu wa chama pinzani. Kwa Budha niko tayari. Kwa Rumi, yule mshairi wa Kisufi, wakati wowote. Kwa mtu wa chama kile, aliyekaa kiti cha tatu kutoka kwangu? Nyani haoni kundule, na hakika mimi nilikuwa nimejizungushia vioo nikijitazama usoni tu.

Niliandika kuhusu zile hesabu wiki iliyofuata. Wengi wenu mlisoma, na baadhi yenu mliondoka. Sawa.

Kuna picha nyingine inayonijia kila ninapoanza kujipa moyo kwamba watu wenye elimu na uwazi kama sisi hatuwezi kumezwa na siasa. Oktoba 1914, Vita Kuu ya Kwanza imeanza, wasomi tisini na watatu wa Ujerumani walitia saini tamko la kuitetea nchi yao katika vita. Mmoja wao ni Adolf von Harnack, mtaalamu wa teolojia aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake, mtu wa uchunguzi huru, mtu wa mrengo wetu kabla mrengo haujapata jina. Mwanafunzi wake wa zamani, Karl Barth, mchungaji wa kijiji cha Safenwil huko Uswisi, aliona majina ya walimu wake pale na imani aliyokuwa nayo katika mafundisho yao ikapasuka. Miaka ishirini baadaye, Mei 1934, Barth huyo ndiye mwandishi mkuu wa Tamko la Barmen, lililowakatalia Wakristo waliokuwa wakilipaka dini rangi ya Unazi.

Sisemi Harnack alikuwa mtu mbaya. Alisoma vitabu vingi kuliko nitakavyosoma. Ninachojiuliza ni nani alikaa kiti cha tatu kutoka kwake.

Wengine huchukulia habari kama hiyo kuwa sababu ya kanisa kukaa mbali na siasa. Hapo siwafuati. Anayekaa mbali na siasa ameshapiga kura, amempigia aliyeko kitini. Na Mithali yenyewe, ile ya bata na tai, haijaniachia nafasi hiyo. Mnyonge yuko langoni na kesi yake inasikilizwa leo.

Kwa hiyo, mama, kile kimya kinamwomba nani. Nimejaribu kulijibu hili kwa vitabu na umeona vimenipeleka wapi. Jibu ninaloweza kulitolea risiti ni dogo: katika dakika zile ishirini sisemi, na nisiposema kuna watu wengine chumbani. Nasikia kiti cha yule mzee kikilia. Nasikia wewe ukifungua na kufunga zipu ya mkoba, dakika ya kumi na nne, kila mara.

Tumebadilisha utaratibu mmoja. Sala ya kufunga bado naandika mimi, lakini Jumanne namtumia yule mzee kwanza, afute anachotaka, halafu ndipo ninaisoma. Ana haki ya kufuta na mimi nina haki ya kubisha. Wiki hii alifuta mistari miwili. Mmoja nimeurudisha. Mama anasema ningemwachia afute yote miwili.